Mkono Usipoinuka

Kwa wiki saba nililala chumba cha pili kutoka kwa mtu aliyekuwa akijiondoa duniani kidogo kidogo, kwa utaratibu, bila kelele. Kila asubuhi nilimwamkia. "Shikamoo mzee. Umeamkaje?" Naye akanijibu, "Marahaba. Salama kabisa." Nami nikaenda zangu kunywa chai.

Katika safari zangu nimelala katika nyumba za watu wa lugha nyingi. Zipo ambazo ukimwuliza mtu hali yake anakueleza mgongo wake nusu saa, na wewe umesimama na ndoo mkononi. Kwetu haiwi hivyo. Kwetu hata mgonjwa mahututi huanza na "sijambo", ndipo aseme anakufa. Nilijua hivyo tangu utoto, na bado sikushtuka.

Chumba nilichopanga kilikuwa cha binti wa pekee wa mzee huyo na mkewe, msusi wa nywele aliyeolewa mji mwingine. Ukutani kulibaki alama za gundi mahali alipobandika picha zake za ujana. Wazee wale wawili hawakuwahi kupangisha mtu maisha yao yote. Hali ilipobana ndipo walipofungua mlango ule, wakapiga deki, wakatundika pazia jipya, na mama mwenye nyumba akaniambia siku ya kwanza, "Mwanangu, hapa hatuna masharti. Ila usimzoee sana mzee kwa maneno. Maneno yake yana bei."

Mzee huyo mtaa mzima ulimwita Sikio. Jina alilipata kiwandani, kiwanda cha nguo kilichokuwa nyuma ya nyumba zao, kirefu kama mitaa miwili. Inasemekana aliweza kusimama mlangoni mwa ukumbi wenye mitambo mia moja na ishirini ya kufumia, yote ikinguruma kama mvua ya mawe juu ya bati, akasema, "Wa arobaini na tatu, mkanda umelegea." Wakienda wanaukuta mkanda umelegea. Mkewe waliyefanya naye kazi humo humo aliitwa Bi Fundo. Uzi ukikatika mtamboni, yeye ndiye aliyekimbia kuunga, na fundo lake lilikuwa dogo hata kitambaa kikitoka huwezi kulipapasa.

Ni Bi Fundo aliyenieleza jinsi watu walivyoongea mle ndani. Kelele zilikuwa kubwa mno kwa sauti ya mtu, kwa hiyo waliongea kwa midomo na mikono. Vidole viwili jichoni: msimamizi anakuja. Ngumi kifuani: subiri kidogo. Kiganja wazi juu ya kichwa: mtambo wangu umekwama, njoo. Na kila mfanyakazi mpya, siku ya kwanza, kabla hata hajapewa koti, alikaririshwa sheria moja: mkono usipoinuka, mtambo unakwenda. Usimsumbue mwenzako. Pita.

"Mzee wakati huo alikuwa bado mfumaji," Bi Fundo alisema akicheka, mikono yake ikikunja shuka langu. "Miaka mitatu hajaniinulia mkono hata mara moja. Nikasema huyu kaka ana dharau. Mwaka wa nne, baba wee! Nyuzi zake zikawa zinakatika kila saa. Mkono juu, mkono juu. Nakimbia, naunga, nikigeuka mkono uko juu. Nikamwuliza kwa mdomo, huu mtambo una nini? Akanijibu kwa mdomo, haujaolewa."

Sikio, aliyekuwa amekaa dirishani, alitabasamu. Tabasamu lilichelewa kidogo, kama salamu iliyopita njia ndefu. Mimi nikaliona ni tabasamu la mtu aliyetosheka na maisha.

Mdororo wa uchumi watu wa mtaa huo waliusikia redioni kabla ya kuuona. Ulitajwa kama hali ya hewa: unakuja, umefika, unatarajiwa kupungua. Kisha wanunuzi wa kitambaa wakapungua, zamu tatu zikawa mbili, mbili zikawa moja. Vipuri vikaacha kuja. Ndipo kiwandani ikaanza kazi ambayo wafanyakazi waliipa jina la kuchangia damu. Mtambo mmoja unasimamishwa, unafunguliwa, viungo vyake vinafungwa kwenye mingine ili iishi. Wa kuchagua upi usimame alikuwa Sikio, ambaye kufikia hapo alikuwa fundi mkuu. Alipita katikati ya mistari akisikiliza, halafu akaweka kiganja juu ya mmoja. Huo ndio uliozimwa. Mkewe aliniambia katika mwaka ule wa mwisho aliweka kiganja juu ya mitambo sitini na moja, na kila jioni alirudi nyumbani akanawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitaji sabuni.

Waliotangulia kurudishwa nyumbani walikuwa wenye umri mkubwa. Waliambiwa wamefanya kazi ya kutosha, wapumzike. Kila mmoja alipewa barua na bobini moja ya mbao, ile ya zamani ya kukunjia uzi, nene kama kikombe, yenye uwazi ndani, imepakwa rangi nyekundu na kuandikwa idadi ya miaka aliyotumika. Ya Sikio iliandikwa 34. Miezi michache baadaye geti likafungwa kabisa, na zahanati ya kiwanda, iliyokuwa ikiwapa wote wawili dawa za presha bila malipo, ikafungwa pamoja nalo.

Nilipohamia kwao, geti lilikuwa limefungwa mwaka mmoja na nusu. Sikio alikaa dirishani kuanzia chai ya asubuhi hadi taa zinawashwa. Hakuwa mkali, hakuwa mlevi, hakulalamika. Alikula nusu sahani, akasema ameshiba. Alikuwa ametoboa mkanda wake wa suruali matundu mapya mawili kwa msumari. Seti yake ya spana, aliyoilinda miaka yote kama mboni ya jicho, alikuwa amempa jirani yake.

Jirani huyo aliitwa Koti kwa sababu tangu kiwanda kifungwe hakulivua koti lake la kazi, na sasa alikuwa anatengeneza miavuli na pasi kwenye kibaraza. Alipita kila siku kumchokoza rafiki yake.

"Sikio! Umesikia redio? Wanasema uchumi umepata nafuu."

Sikio akajibu bila kugeuka kutoka dirishani. "Kwani ulikuwa umelazwa wodi gani?"

Koti alicheka hadi akakaa chini. "Shemeji, huyu mzee wako mzima kabisa! Mtu wa utani namna hii hana tatizo." Nasi sote tukakubali. Binti yao alipopiga simu kila Jumapili na kuuliza, "Baba hajambo?", mama yake alijibu, "Hajambo, katulia tu." "Afadhali. Uzee umempa subira." Kila tulichokiona tulikipa jina zuri. Kutokula tuliita kiasi. Kugawa spana tuliita ukarimu. Kimya tuliita hekima. Hakuna aliyedanganya. Ndicho kinachonitisha nikikumbuka: wote tuliona, na wote tulisema kweli tulivyoona.

Jambo lililipuka Jumanne moja, saa nne asubuhi, na sababu ni udadisi wangu. Sikio alikuwa ametoka kwenda bombani kuchota maji. Nilimwuliza Bi Fundo kuhusu ile bobini nyekundu iliyokaa juu ya kabati la vyombo, imezibwa pamba juu. Nilitaka kuona namna ilivyochongwa.

"Hebu nikuonyeshe," akasema, akapanda kigoda. Alipoishika ikalia ndani, chakarachakara. "Ee! Mende hawa." Akaitikisa tena, akacheka. "Au mzee anaficha peremende? Nitamkamata leo." Akachomoa pamba, akaiinamisha juu ya meza.

Vikamwagika vidonge. Vidogo, vyeupe, vya duara, vina mstari katikati. Vilimwagika muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Vingine vilibiringika vikaanguka sakafuni, kimoja kikaenda hadi chini ya mlango. Bi Fundo alikuwa bado anacheka kwa sababu uso haujapata habari. Kisha akachukua kidonge kimoja, akafungua kopo lake mwenyewe la dawa lililokuwa kando ya sukari, akatoa chake, akaviweka sambamba juu ya kiganja. Vilikuwa ndugu.

"Hizi ni zake," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. "Nampa kila asubuhi. Nampa mimi mwenyewe, na maji. Namwona anameza."

Nami nilikuwa nikimwona. Vidole vya mzee vilivyozoea kuficha ncha ya uzi ndani ya kitambaa vilikuwa vimeficha kidonge kila siku mbele ya macho yetu manne.

Sikio aliingia na ndoo. Alitazama meza, akaiweka ndoo chini taratibu, asimwage hata tone. Niliinuka nitoke. Bi Fundo akasema, "Kaa hapo. Wewe umekula chumvi ya nyumba hii. Uwe shahidi." Akamgeukia mumewe. "Hizi ni nini?"

"Dawa."

"Za nani?"

"Zako."

"Zangu ziko kwenye kopo. Nakuuliza hizi za kwenye bobini."

"Zako hizo," akasema, akaketi. Aliongea kwa utulivu kama mtu anayepanga ratiba ya zamu. "Bei inapanda kila tukienda dukani. Ipo siku tutashindwa. Siku hiyo wewe utakuwa na akiba. Ni ya miezi saba, na bado naongeza."

"Na wewe?"

"Tulipobaki na mitambo mibovu miwili na vipuri vya mmoja, tulifanyaje?" Akainua kiganja chake, akakiweka juu ya kifua chake mwenyewe, kwa upole, kama nilivyosimuliwa alivyokuwa akikiweka juu ya chuma. "Huu ndio wa kusimama, mama. Mimi nasikia. Nilianza kusikia zamani."

Nimewahi kusikia bomu likilipuka katika mji ambao sikuwa na kazi nao, na baada yake watu walijipapasa kuona kama wamebaki wazima. Bi Fundo hakulia. Aliishika meza kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo umenipangia ujane," akasema. "Umenipangia ujane, ukauwekea na akiba."

"Nimekupangia uishi."

"Na nani?"

Hapo Sikio akatazama dirishani.

"Miezi saba!" Sasa sauti yake ilipanda. "Miezi saba nakupita hapo dirishani. Asubuhi nakupita, mchana nakupita. Najisemea mkono haujainuka, mzee hajambo, nisimsumbue. Mimi! Mimi niliyekuwa nikikimbia ukumbi mzima! Kwa nini hukuinua mkono?"

"Ningekuita uje uunge nini?" akauliza. Hakuwa akibishana. Alikuwa anauliza kweli. "Hakuna kilichokatika. Nimechoka tu. Nikiamka nachoka. Nikila nachoka. Hakuna mahali pa kufunga fundo."

Nilitazama sakafu, na kile kidonge chini ya mlango.

Alikataa kwenda kwa daktari. Alisema daktari ataandika dawa nyingine za kununua, na hesabu yake itaharibika. Bi Fundo hakumbembeleza. Alivirudisha vidonge vyote ndani ya bobini kimoja kimoja, akaokota vya sakafuni, akavipangusa. Kisha akachukua kile chake, cha siku hiyo, alichokuwa hajameza. Akakitumbukiza humo pia.

"Unafanya nini?" Sikio akasimama.

"Nachangia damu."

"Usifanye mchezo na presha, mama!"

"Mchezo? Nani kaanza? Wewe unaniwekea mimi, mimi nakuwekea wewe. Tutaijaza hii bobini hadi pomoni, tufe wote wawili wenye akiba." Akachukua kopo lake lote, akaanza kulimwaga. Ninajua hakuwa anatania, kwa maana nami nilikuwa nimeinuka kumzuia. Sikio alifika kabla yangu. Akamshika viganja.

"Meza dawa yako," akasema.

"Hospitali kwanza."

"Meza, twende."

Akameza. Tukaenda wote watatu kwa miguu, Sikio amevaa shati la mikono mirefu lililomning'inia kama limeanikwa. Koti alituona kutoka kibarazani akapaza sauti, "Mnaenda harusini bila mimi?" Hakuna aliyemjibu. Nilipogeuka nilimwona amesimama, mwavuli uliovunjika mkononi, utani wote umemtoka.

Kituo cha afya kilijaa. Mabenchi yalikuwa yametengenezwa kwa watu wembamba. Ukutani, juu ya kichwa cha Sikio, kulikuwa na bango: Sonona inatibika. Lilikuwa na picha ya msichana aliyeshika kichwa kwa mikono miwili. Bi Fundo alilisoma akisogeza midomo.

"Sonona," akaninong'oneza. "Mimi nilidhani ni ya vijana walioachwa na wachumba."

Nilitaka kumwambia hata waliochora bango walidhani hivyo. Hawakuchora mzee aliyekaa dirishani akisema ameshiba.

Muuguzi alimfunga Sikio kitambaa cha kupimia mkononi, akabonyeza, akasoma. Akakunja uso. Akakifungua, akakifunga upya, akapima mara ya pili. "Mzee, umekuja kwa miguu?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Unajisikiaje?"

"Salama."

Muuguzi alinitazama mimi, kisha Bi Fundo, kama anayetafuta mtu wa kumwuliza kama neno hilo bado lina maana. Akamwingiza kwa daktari mbele ya foleni. Akatuambia sisi tusubiri nje hadi tuitwe.

Mlango wa daktari ulikuwa na kioo nusu ya juu. Ndani tulimwona mwanamke kijana mwenye miwani, ameegemeza viwiko mezani, na Sikio mbele yake, mikono juu ya magoti. Hatukusikia kitu. Nje kulikuwa na watoto wanaolia, feni inayokwaruza, na mtu anayegombea kadi yake iliyopotea. Lakini Bi Fundo alikuwa amesimama wima mbele ya kioo, macho hayapepesi, na akaanza kunisomea midomo kama miaka ile.

"Anamwuliza usingizi... Anasema upo. Mwongo! Anageukageuka hadi alfajiri." Akasogea karibu zaidi na kioo. "Anamwuliza kula. Anasema nakula vizuri... Anamwuliza kitu gani kinakufurahisha siku hizi."

Mle ndani midomo ya Sikio ilibaki imefungwa. Daktari alisubiri. Kisha midomo ikasogea mara moja.

"Nini?" nikauliza.

"Anasema, sina shida, daktari."

Daktari alichukua kalamu. Niliona anavuta karatasi, na nikajua ataandika dawa ya presha na kumwambia apunguze chumvi, basi. Mzee angerudi dirishani na kopo jipya, na vidole vyake vilevile.

Bi Fundo alishika kitasa.

"Mama, bado hujaitwa," muuguzi akasema kutoka nyuma.

"Najua, mwanangu. Miezi saba sijaitwa." Akafungua mlango, akaingia.

Mlango ulibaki wazi, nami nikayasikia yaliyobaki. Hayakuwa mengi. Daktari alianza kusema jambo, akaacha. Sikio alimtazama mkewe kama mtu aliyekutwa akiiba. Bi Fundo hakumshitaki. Hakutaja bobini. Alipiga magoti kando ya kiti chake, akaushika mkono wake wa kulia uliokuwa juu ya goti, akaukunjua vidole kimoja kimoja, na kuuinua polepole kupita bega, kupita sikio, hadi kiganja kikawa wazi juu ya kichwa.

"Hivi," akasema. "Unakumbuka? Hivi."

"Watu wanatuona," Sikio akanong'ona.

"Waone."

Walikaa hivyo. Daktari aliivua miwani yake. Benchi zima lilikuwa limegeuka, hata yule wa kadi. Kisha Bi Fundo akauachia.

Nilitegemea uanguke. Ulitetemeka, ukashuka kidogo kama vidole viwili, nikasikia mtu nyuma yangu akivuta pumzi. Halafu ukasimama, ukabaki juu peke yake.

"Daktari," Sikio akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruzika kama ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi. "Sili. Silali. Dawa sinywi."

Bi Fundo alikuwa tayari amevuta kiti cha pili.